SAYANSI NYUMBANI: Mgeni wa Siku ya Tatu

Jumapili iliyopita asubuhi, kabla sijamaliza chai, jirani yangu alinijia barazani akiwa na pakiti ya dawa mkononi. Mwanawe wa miaka minne, mwenye uzito wa kilo 16, alipimwa damu zahanati siku ya Ijumaa, akakutwa na malaria, akapewa dawa ya mseto ya kutumia siku tatu: vidonge 12, viwili kila dozi. Ijumaa na Jumamosi mtoto alimeza dozi zake zote bila matata. Jumapili akaamka hana homa, akanywa uji bakuli zima, na wakati tukizungumza alikuwa uani akikimbiza mpira wa makaratasi. Ndani ya pakiti vilibaki vidonge vinne.

"Kaka," akasema mama yule, "mtoto amekwisha pona. Hivi naviweka kabatini. Mdogo wake naye akishikwa na homa, sitakuwa na haja ya kupanga foleni. Au nakosea?"

Nikamjibu kwamba anakosea. Ampe mtoto dozi ya asubuhi saa ile ile, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, na ile ya mwisho ampe jioni. Akaitikia. Lakini kabla hajaondoka aliniachia neno ambalo limenikaa kichwani juma zima: "Kila mahali twaambiwa maliza dozi, maliza dozi. Mbona hakuna anayetuambia sababu?"

Ndugu msomaji, lawama hiyo ni ya haki. Amri isiyo na sababu haidumu nyumbani. Husahauliwa mara tu homa inaposhuka. Safu ya leo ni jibu kwa jirani yangu, na kwa kila mzazi mwenye vidonge vilivyobaki kabatini. Ila jibu lenyewe halipatikani dukani wala kwenye pakiti. Limo ndani ya seli, kitu kidogo kisichoonekana kwa macho matupu. Hapana budi tuingie humo, tukague vyumba vyake kimoja baada ya kingine.

NYUMBA NA VYUMBA VYAKE

Mnamo mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichukua kipande chembamba cha gamba la mti, lile litumikalo kutengenezea vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini. Aliona vijumba vitupu vilivyopangana kama sega la nyuki, akavipa jina lenye maana ya vyumba vidogo. Jina hilo ndilo lililotufikia sisi kama seli. Baadaye ilifahamika kwamba kila kiumbe hai, kikubwa kwa kidogo, kimejengwa kwa seli.

Seli ziko za namna mbili. Namna ya kwanza, kama seli ya bakteria, ni mfano wa chumba kimoja cha mpangaji: kitanda, jiko la mafuta, ndoo ya maji na sanduku la nguo vyote vimo humo humo. Namna ya pili ni nyumba nzima yenye ukumbi, vyumba, jiko, stoo na uani. Sisi binadamu, na mbuzi, na mchicha, na uyoga, hata hamira tunayoumulia maandazi, sote tumejengwa kwa seli za namna hii ya pili. Wataalamu huziita seli za yukarioti, yaani zenye kiini cha kweli.

Tubishe hodi. Mlangoni twapokewa na utando mwembamba uliofanywa kwa mafuta na protini. Huo ndio ukuta na ndio mlango. Huchagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ndani kuna chumba kikubwa kilichozungukwa na ukuta wake chenyewe. Hicho ni kiini, ambacho Mskoti Robert Brown alikieleza na kukipa jina mwaka 1831. Humo zimehifadhiwa hati za urithi, yaani DNA, zenye maagizo yote ya ujenzi na matengenezo ya nyumba. Hati zenyewe hazitoki chumbani. Hutolewa nakala, nazo hupelekwa kwa mafundi wadogo waitwao ribosomu. Mafundi hao husoma nakala na kutengeneza protini.

Protini nyingi hupita kwanza katika wavu wa tando uliokizunguka kiini. Kisha hufika kwenye vifuko bapa vilivyopangwa kama sahani, ambavyo Mtaliano Camillo Golgi alivieleza mwaka 1898. Hapo hukamilishwa, hufungwa na kuandikiwa anwani, mithili ya vifurushi vya posta. Mabaki na takataka hupelekwa kwenye laisosomu, vifuko vyenye tindikali, vikasagwe na kutumika tena.

Jikoni wamo mitokondria. Hao huunguza chakula kwa kutumia oksijeni na kutoa nguvu inayoendesha kazi zote za seli. Habari yao ni ya ajabu. Zamani sana, miaka zaidi ya bilioni moja iliyopita, wazee wao walikuwa bakteria waliojitegemea. Walimezwa na seli kubwa zaidi, lakini hawakusagwa. Walipewa hifadhi, nao wakalipa kodi kwa nguvu. Hadi leo mitokondria wana DNA yao wenyewe, ambayo sisi huirithi kwa mama, na wana ribosomu zinazofanana na za bakteria. Ni mpangaji aliyekaa hadi akawa mwenye nyumba. Habari hiyo ya mpangaji tuikumbuke, maana tutakutana nayo tena.

NYUMBA ILIYOHAMISHWA SAMANI

Karibu aina zote za seli za mwili wetu zina vyumba hivyo. Chembe nyekundu ya damu haina. Huzaliwa ndani ya mifupa, katika uboho, ikiwa na kiini kama wenzake. Lakini inapokaribia kuanza kazi hukisukuma kiini chake nje, kisha hujiondolea mitokondria, ribosomu na vingine vyote. Hufanya hivyo ili ipate nafasi ya mzigo mmoja tu, himoglobini, ile protini yenye chuma inayobeba oksijeni na kuipa damu rangi yake. Katika chembe moja hujazwa molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270. Ni nyumba iliyohamishwa samani zote ikageuzwa ghala.

Ghala hilo hutufaa sana. Tone la damu lenye ujazo wa milimita moja ya mraba-tatu lina chembe nyekundu zipatazo milioni tano, na kila moja hufanya kazi kwa siku zipatazo 120. Lakini faida hiyo ina gharama yake. Seli yenye samani zake ikivamiwa na adui huanika mlangoni vipande vya mvamizi, ili askari wa mwili wamtambue na kumshambulia. Chembe nyekundu imekwisha tupa vifaa vya kufanyia kazi hiyo. Haina kiini cha kutoa amri wala fundi wa kutengeneza silaha. Mwizi akiingia humo, majirani hawapati habari upesi.

Na mwizi wa malaria analijua ghala hilo.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Mwaka 1880 daktari Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Constantine nchini Algeria, alitazama damu ya askari mgonjwa akaona ndani yake viumbe hai. Vilikuwa vimelea vya malaria. Kile kinachotusumbua zaidi hapa kwetu huitwa Plasmodium falsiparumu. Mbu wa aina ya anofelesi humwingiza mtu vimelea wachache. Hao hukimbilia ini, wakajificha humo takriban juma moja wakizaana kwa maelfu, kisha huingia katika damu. Hapo kila kimelea huvamia chembe nyekundu, hula himoglobini yake, na baada ya saa zipatazo 48 huipasua chembe hiyo. Hutoka watoto 16 hadi 32, kila mmoja akitafuta ghala lake. Mpasuko huo ndio uletao homa na kutetemeka.

Sasa tufike kwenye kiini cha matatizo ya matabibu. Kimelea cha malaria si bakteria. Ni seli ya yukarioti kama sisi. Kina kiini, kina wavu wa tando, kina mafundi ribosomu na kina mitokondria. Kumuua bakteria ni kazi nyepesi kidogo kwa kuwa amejengwa tofauti nasi. Penisilini, kwa mfano, hubomoa ukuta wa bakteria ambao seli zetu hazina kabisa. Lakini adui aliyejenga nyumba kama yako ni vigumu kumchomea yake bila kuunguza ya kwako. Ni lazima utafute chumba alicho nacho yeye ambacho wewe huna, kisha uchonge ufunguo wa chumba hicho peke yake. Vyumba vya namna hiyo si vingi, na kila dawa ya malaria tuliyo nayo ni ufunguo wa thamani.

Chumba kimojawapo ni tumbo lake. Kimelea kina kijinywa ambacho humeza himoglobini na kuipeleka katika kifuko cha chakula chenye tindikali. Humo protini husagwa ikaliwa, lakini hubaki kitu chenye chuma kiitwacho himu, ambacho ni sumu kwa kimelea mwenyewe. Ili asidhurike, huifunga sumu hiyo ikawa chembe ngumu za rangi ya kahawia. Watumishi wa maabara huziona kwa hadubini.

Klorokwini ilikuwa ufunguo wa chumba hicho. Iliingia katika kifuko cha chakula na kumzuia kimelea asiifunge sumu, akafa kwa mabaki ya chakula chake mwenyewe. Wengi wetu tuliolelewa miaka ya 1990 tunakumbuka uchungu wake ulimini na mwasho wa mwili mzima uliofuata. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 walianza kuonekana Afrika Mashariki vimelea wasiosikia dawa hiyo. Mwaka 2000 wanasayansi walieleza jambo lililotokea: protini moja katika utando wa kifuko cha chakula ilikuwa imebadilika, nayo ilikuwa ikiitupa klorokwini nje. Yaani mwizi alibadilisha kitasa. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha kuitumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaingia ile ya SP. Nayo ikachoka, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto ya ALu, yaani atemeta na lumefantrini. Katika muda wa miaka mitano hivi tulipoteza funguo mbili.

Chumba kingine kiligunduliwa kwa mshangao katika miaka ya 1990. Ndani ya kimelea kuna kijumba chenye tando nne, kiitwacho apikoplasti. Asili yake ni mwani, mmea mdogo wa majini, uliomezwa na mababu wa kimelea zama za kale. Tuliona jinsi mitokondria walivyokuwa wapangaji. Huyu naye ni mpangaji wa namna ile ile. Kijumba hicho ni ndugu wa zile sehemu za kijani ndani ya jani la mchicha zinazotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kimelea kinachoishi gizani ndani ya damu hakina haja ya jua, na rangi ya kijani imekwisha potea, lakini bila kijumba hicho hufa, kwa kuwa humo hutengenezwa baadhi ya mahitaji yake. Ribosomu zake ni za kibakteria. Kwa hiyo dawa kama doksisaiklini na klindamisini, zinazojulikana kwa kuua bakteria, humdhuru. Ila humdhuru polepole: kimelea aliyepigwa huzaa kwanza, na watoto wake ndio wafao. Kwa sababu hiyo dawa hizo hazitibu malaria peke yake, na doksisaiklini haifai kwa watoto wadogo wala mama wajawazito. Asije mtu akazinunua dukani kwa sababu amezisoma hapa.

HESABU YA SIKU YA TATU

Turudi sasa kwa vidonge vinne vya jirani yangu. Sehemu ya kwanza ya dawa ya mseto, atemeta, inatokana na mmea wa artemisia. Bibi Tu Youyou na wenzake nchini China waliipata asili yake mwaka 1972, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hiyo ina tabia ya pekee. Ndani ya damu huwa kama imelala. Kimelea anapomeza himoglobini na kuisaga, ile himu yenye chuma inayotoka humo ndiyo huiamsha dawa, nayo humchoma kutoka ndani. Kadiri mwizi anavyokula ndivyo anavyojiunguza.

Ni dawa yenye kasi. Katika kila mzunguko wa saa 48 huweza kuwapunguza vimelea takriban mara elfu kumi. Tuchukue mfano wa mtu mzima mwenye vimelea bilioni 100 mwilini. Baada ya siku mbili za dawa watabaki milioni 10. Homa itakuwa imeshuka, maana hao ni wachache mno kuweza kutikisa mwili. Mgonjwa atakula, atacheka, atataka kurudi kazini. Lakini milioni 10 si sifuri. Wakiachwa, kila mmoja atapasua chembe yake na kutoa watoto wake, na baada ya mizunguko michache tu homa itarudi pale pale.

Atemeta yenyewe haikai mwilini. Huondoka katika muda wa saa chache. Ndiyo sababu hurudiwa. Siku tatu zimewekwa ili dawa iwakute vimelea wa kizazi cha kwanza na tena watoto wao wa kizazi cha pili. Katika mfano wetu, kizazi cha pili kikipigwa sawasawa, milioni 10 huwa elfu moja. Elfu moja hao huachiwa lumefantrini, sehemu ya pili ya mseto, ambayo haina kasi lakini hukaa katika damu siku kadhaa ikifagia. Lumefantrini huhitaji mafuta ili iingie vyema katika damu. Ndiyo maana ya yale maziwa. Ukikatiza siku ya tatu, unamnyima mfagiaji ufagio wake, na unawaachia vimelea dawa kidogo isiyotosha kuwaua wote. Watakaosalia katika hali hiyo ni wale wagumu, na hao ndio watakaonyonywa na mbu na kupelekwa kwa jirani.

Na wagumu wapo. Katika nchi za Kusini Mashariki ya Asia, kisha Rwanda, Uganda, Eritrea na hapa kwetu mkoani Kagera, wameonekana vimelea ambao dawa za jamii ya artemisia huwaua polepole kuliko zamani. Mbinu yao inafahamika. Wakiwa wachanga hupunguza kumeza himoglobini. Wakila kidogo, dawa nayo huamshwa kidogo. Wakishapita saa za hatari, huendelea kula kama kawaida. Mwizi amejifunza kufunga kinywa mpaka mlinzi apite. Dawa ya mseto ingali ikiponya, kwa kuwa mlinzi wa pili yupo. Lakini ni nani atakayetuchongea ufunguo mwingine upesi, huu nao ukiharibika?

Ndugu msomaji, wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu wa malaria siku mbili za kwanza hujifanya amekwisha aga. Siku ya tatu ndiyo ya kumkabidhi jembe, achimbe kaburi lake.

Kuhusu mdogo mtu, hesabu ni nyepesi. Mtoto mwenye uzito chini ya kilo 15 huhitaji vidonge 6, kimoja kila dozi. Vinne vya kabatini visingemtosha. Mama angekuwa na watoto wawili, wote wametibiwa nusu, na ndani ya damu ya wote wawili vimelea wangekuwa darasani wakijifunza kitasa kipya. Tena si kila homa ni malaria. Mtoto hupimwa kwanza, ndipo hupewa dawa. Na mgonjwa akiwa na degedege, akitapika kila anachopewa, akishindwa kunywa au kunyonya, au akipoteza fahamu, hapo si mambo ya vidonge vya nyumbani. Akimbizwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana.

Jumatatu jioni nilipokuwa nikirudi kazini nilimkuta jirani yangu uani akianua nguo. Mtoto alikuwa mgongoni mwa dada yake, akiimba. Nilimweleza kwa ufupi haya niliyoyaandika leo: habari za ghala tupu, kijinywa, na mlinzi wa pili. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaingia ndani. Akatoka na pakiti ile ya dawa na kunionyesha. Ilikuwa tupu.

"Basi mngesema hivyo tangu mwanzo," akasema.

Hadi Jumapili ijayo.